Tuwatunze Wanafunzi Wetu wa Uuguzi



Mji wetu wa Mtito Andei uko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Ajali ikitokea usiku, anayempokea majeruhi hospitalini huenda akawa mwanafunzi wa uuguzi mwenye umri wa miaka 20. Mgonjwa akimfia mikononi, kesho yake anatarajiwa kurudi wodini, na mtihani unamngoja.

Wanafunzi, kumeza machozi hakumfanyi mtu kuwa muuguzi bora. Mikono ikitetemeka, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, kisha endelea na kazi iliyo mbele yako. Zamu ikiisha, mweleze msimamizi wako yaliyokulemea. Usingizi ukikupotea kwa wiki mbili, tafuta mshauri nasaha. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Mawazo ya kujiua yakikujia, sema mapema, usiogope kushtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani kimya, msimwambie "jikaze" tu. Mwulizeni, kisha mumsikilize. Nasi tunaopeleka wagonjwa, tusiwatukane wanaotuhudumia.