Blanki Kwanza: Tatizo la Sampuli Safi katika Upimaji wa Mabaki ya Viuatilifu

Mada kwa semina ya maofisa ugani, wakulima na wafanyabiashara wa mboga, Igoma, Mwanza



Nimeombwa nieleze namna maabara inavyotambua mabaki ya viuatilifu kwenye chakula. Sehemu hiyo nitaipita haraka, kwa kuwa lipo jambo moja nililolipigania kwa miaka mingi na sitaki muda uniishie kabla sijalifikia. Haya ni maoni yangu ya kitaalamu. Si tamko la taasisi yoyote.

1. Maelezo ya msingi

Kiuatilifu wote tunakijua. Mabaki ni kile kinachosalia kwenye nyanya, mchicha au samaki baada ya dawa kutumika, nacho hupimwa kwa miligramu katika kilo moja ya chakula. Pale ambapo Umoja wa Ulaya haujaweka kiwango maalumu cha dawa fulani kwenye zao fulani, kikomo chake huwa 0.01, yaani miligramu moja katika kilo 100 za nyanya.

Maabara husaga sampuli, huchukua gramu 10, huzitikisa na mililita 10 za asetonitrili, kisha huongeza magnesi salfeti na chumvi ili maji yajitenge. Ndiyo njia ya QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 na Anastassiades, Lehotay na wenzao. Dondoo linalopatikana huingizwa kwenye mashine ya kromatografia: ya gesi kwa dawa zinazogeuka mvuke bila kuharibika, ya kimiminika kwa zile zisizostahimili joto. Humo kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Spektrometa ya masi huipokea, huipa chaji, huivunja na kupima vipande vyake. Dawa huhesabiwa kuwa imetambuliwa pale wakati wake wa kutoka, vipande vyake visivyopungua viwili na uwiano wa vipande hivyo vinapokubaliana na vya dawa halisi tuliyoinunua kama kipimo rejea.

Kwa nini tujali sisi wa kanda hii? Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya tuhuma za uvuvi wa sumu. Nchi zetu zilitakiwa kuonyesha kwa vipimo kwamba samaki ni salama, na uwezo wa kupima ulikuwa mdogo. Viwanda vya minofu na wavuvi waliumia wakati wakisubiri. Leo tuna maabara ya samaki Nyegezi, tuna Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, na tangu sheria ya mwaka 2020 tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Tumepiga hatua kubwa, na nalisema hilo kwa dhati.

2. Tatizo lenyewe: hatuna blanki

Blanki ni sampuli ya zao lilelile tunalopima, ila isiyo na dawa. Ukipima mchicha unahitaji mchicha safi. Ukipima dagaa unahitaji dagaa safi. Watu wengi hudhani ni jambo dogo la ndani ya maabara, kumbe ndipo tarakimu zinapoharibikia.

Dondoo la mchicha lina klorofili, sukari, asidi na mamia ya vitu vingine. Kwenye mashine ya kimiminika, vitu hivyo huingia pamoja na dawa mahali pa kupewa chaji, vikasongamana kama abiria kwenye mlango wa daladala ya Igoma jioni. Dawa inayopata chaji ni sehemu tu ya dawa iliyomo, na mashine husoma pungufu. Kwenye mashine ya gesi mara nyingi mambo hugeuka. Vitu vya zao hufunika sehemu za kioo ndani ya mashine ambazo zingeinasa dawa, hivyo dawa nyingi zaidi hufika mwisho wa safari, na usomaji ukapanda.

Sasa chukueni mfano. Nyanya ina 0.018. Mtaalamu amefanya kalibresheni, yaani kuirekebisha mashine kwa viwango vinavyojulikana, kwa dawa ya rejea iliyoyeyushwa kwenye asetonitrili tupu. Kwenye mashine ya kimiminika nyanya inapunguza usomaji kwa nusu, cheti kinasema 0.009, mzigo unapita. Nyanya za mkulima mwingine zina 0.008. Kwenye mashine ya gesi usomaji wao unapanda kwa nusu, cheti kinasema 0.012, mzigo unakataliwa. Mashine haikuharibika, na mtaalamu hakuzembea. Mlaji wa nyanya za kwanza amekosewa na mkulima wa pili ameonewa.

Tiba inajulikana: fanya kalibresheni ndani ya dondoo la zao safi, ili dawa ya rejea ipate misukosuko ileile. Lakini zao safi tulipate wapi? Nyanya nyingi za sokoni zimepuliziwa, na nyingine zimepuliziwa siku chache tu kabla ya kuvunwa. Mashamba yaliyowahi kulimwa pamba yana historia yake, kwani DDT hukaa ardhini miaka mingi. Ziwa nalo lina lake: mwaka 2006 Henry na Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya sangara na sato wa kusini mwa ziwa, na mabaki yalionekana, zikiwemo DDT na endosulfani.

Naambiwa zipo njia mbadala. Zipo. Unaweza kuongeza dawa ya rejea kwenye kila sampuli kwa viwango tofauti, lakini sampuli moja inakuwa kazi ya sampuli nne au tano. Unaweza kununua dawa zenye isotopu maalumu, lakini bei yake ni kubwa, na haziwezi kununuliwa kwa kila dawa iliyoko madukani. Unaweza kuzimua dondoo, ikiwa mashine yako ni mpya na ina uwezo wa kuona hata kiasi kidogo sana cha dawa. Maabara yenye mashine ya zamani haina uchaguzi huo.

Kinachohitajika ni kipande cha shamba cha kuoteshea blanki. Ombi la kipande hicho limewahi kurudishwa kwa maelezo kwamba kilimo si kazi ya maabara. Naheshimu taratibu za bajeti, lakini jibu hilo silikubali. Fedha za mashine zinapatikana, na mashine bila blanki hutoa tarakimu zisizoweza kutetewa mbele ya mkaguzi wa ithibati ya ISO/IEC 17025, wala mbele ya mkulima.

Nigusie pia mankozebu, dawa ya ukungu ambayo wakulima wa nyanya wanaijua sana. Haionekani kwenye kipimo cha QuEChERS. Huvunjwa kwa asidi hadi itoe kaboni disalfaidi, na hiyo ndiyo hupimwa. Cheti kinachosema "hakuna mabaki" bila kutaja orodha ya dawa zilizopimwa hakijasema chochote kuhusu mankozebu.

3. Mapendekezo

Kwanza, kanda itenge shamba la blanki, hata robo ekari, mbali na mashamba yanayopuliziwa, na udongo na maji yake vipimwe kabla ya kupanda. Pili, lipandwe mchicha, mnafu, nyanya na kabichi bila dawa yoyote. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi, hivyo hatusubiri miaka. Tatu, mavuno yasagwe, yafungwe kwa vifungu vidogo na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha maabara zote za kanda zigawane. Kila moja kuhangaika peke yake ni hasara. Nne, blanki isidaiwe usafi wa kimalaika: mwongozo wa Ulaya huruhusu mabaki yasiyozidi asilimia 30 ya kiwango cha chini cha kuripoti. Tano, kila cheti kitaje dawa zilizotafutwa na namna kalibresheni ilivyofanywa. Sita, urejeshaji, yaani sehemu ya dawa tuliyoongeza kwenye sampuli ambayo kipimo kinaipata, upimwe kwa mazao yetu wenyewe, nao uwe kati ya asilimia 70 na 120. Matokeo ya tufaha za Ulaya hayatoshi kuthibitisha kipimo cha mnafu. Saba, maofisa ugani waandike kwenye kila sampuli jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kupulizia. Nane, na narudia kwa makusudi, bajeti yoyote ya kununua mashine iwe na fungu la blanki ndani yake. Bila fungu hilo, ununuzi usubiri.

Wakati shamba halijapatikana, naomba msaada wa washiriki wenyewe. Wapo akina mama hapa Igoma na Kishili wanaolima mchicha na mnafu nyuma ya nyumba kwa ajili ya kula, bila kupulizia. Mwenye bustani ya namna hiyo, au anayemjua mwenye nayo, amwachie mwandaaji wa semina jina na mahali ilipo kabla ya kuondoka leo. Kilo mbili tu zinatosha kuanzia.