Mtoto Amefanya Nini Wiki Hii?

(Haya ni mazungumzo na vikundi vya kujisaidia katika siku ya wazazi. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viyasome katika mkutano wao. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.)

Naona wengi mmekuja na watoto wadogo, na hilo ni jambo zuri. Wakilia msiwatoe nje. Leo tunaongea habari zao, basi nao wawe hapa.

Nianze kwa kuuliza. Tukikutana kwenye kikundi, huwa tunasimuliana nini? Mbuzi wa fulani akizaa mapacha, kikundi kizima kinajua. Viwavi wakiingia kwenye mahindi, tunajua. Na kama kuna mtu hajalipa mchango wake, hiyo ndiyo tunajua kabisa! Lakini sasa niambieni, ni nani hapa anajua kama mtoto wa jirani yake ameanza kusimama dede? Tuna daftari ya akiba, daftari ya mikopo, hata daftari ya mbuzi. Habari za mtoto mdogo hazina mahali katika mkutano wetu.

Kwa nini tunanyamaza? Mimi nimeona sababu mbili. Yule ambaye mtoto wake anaendelea vizuri ananyamaza kwa kuogopa jicho. Anasema, nikisema mtoto wangu ametembea, mtu atamtazama vibaya. Na yule ambaye mtoto wake amechelewa, yeye ananyamaza kwa aibu. Kwa hivyo pande zote mbili ni kimya. Na katikati ya kimya hicho kuna mtoto ambaye angesaidiwa mapema, lakini hakuna anayejua. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sikuja hapa kubishana na mtu juu ya jicho. Nasema hivi tu: kama unaogopa sifa, usimsifu mtoto. Sema alichofanya. "Wiki hii ameshika kikombe mwenyewe." Hiyo si sifa. Hiyo ni habari, kama vile unavyosema mvua imenyesha.

Kutoka na mtoto ni shule

Mtoto mdogo tunatoka naye kila siku. Tunaenda naye mtoni kuchota maji, shambani, sokoni, poshomili, kanisani, kliniki, kwa nyanya. Sisi tunaona ni mzigo wa mgongoni tu. Kwa mtoto hiyo ndiyo shule yake ya kwanza, na haina karo.

Tuchukue safari ya mtoni. Mama anachimba mchanga kutafuta maji. Mtoto wa miezi saba amekaa karibu naye. Anashika mchanga, unatoroka kati ya vidole. Anashika jiwe, halitoroki. Punda anapita na mitungi, anamfuata kwa macho mpaka apotee. Huyu mtoto anafanya kazi kubwa! Anafundisha mikono, macho na shingo kwa wakati mmoja.

Sasa mama asinyamaze. Aongee naye. "Ona punda. Punda amebeba maji. Anapeleka wapi?" Utaniuliza, nitaongeaje na mtu ambaye hajui kujibu? Anajibu, mama! Anajibu kwa macho, kwa miguu, kwa kelele zake. Mtoto husikia maneno mengi sana kabla hajatoa lake la kwanza. Na muongee naye kwa lugha ya nyumbani, ile mnayoijua vizuri. Msimpimie maneno eti mnangoja aende shule ajue Kiingereza.

Kuna jambo limetoka hapa hapa Kenya ambalo nataka mlisikie. Mwaka wa 1976 mtaalamu Mmarekani, Charles Super, aliandika habari za watoto wa Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis. Aliwakuta wanakaa, wanasimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kama mwezi mmoja hivi. Wengine walidhani ni damu tu. Lakini yeye aliona kwamba wazazi walikuwa wanawafundisha. Walichimba shimo dogo chini, wakamkalisha mtoto humo na kumwegemeza asianguke, kila siku. Walimshika mikono wakamtembeza. Lugha yao hata ina maneno ya kufundisha mtoto kukaa na kutembea. Na kutambaa je? Katika kutambaa hawakuwa mbele ya wengine, kwa sababu hilo halikufundishwa sana. Mmeona? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi ile mashine ya magurudumu ya kumwekea mtoto ati ajue kutembea, msihangaike kuinunua. Haimfundishi kutembea, na inaweza kumwangusha vibaya. Mikono yako inatosha.

Na mtoto anayefungiwa nyumbani kutwa nzima, hasa kwa wale wetu walio mjini katika chumba kimoja, ana hatari nyingine. Asipopata jua, mifupa yake inaweza kuwa laini, miguu ikapinda na kuwa matege, na kutembea kukachelewa. Kumtoa nje ni dawa pia.

Wakati wa kungoja na wakati wa kwenda

Watoto hawalingani, tusiwashindanishe. Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walikuta hivi. Kukaa bila kushikwa, watoto walianza kati ya miezi 4 na 9. Kutembea peke yao, kati ya miezi 8 na karibu 18. Oneni tofauti hiyo! Mmoja anatembea kabla ya mwaka, mwingine akikaribia mwaka na nusu, na wote ni wazima. Na wachache, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa magoti kabisa. Waliruka darasa hilo wakaenda kusimama.

Kwa hivyo mama ambaye mtoto wake ana miezi 13 na bado anashika ukuta, usilie. Jirani asikwambie mtoto ni mvivu. Lakini kungoja nako kuna mwisho. Mpeleke mtoto kliniki ukiona mambo haya:

– Ana miezi 3 na hakufuati kwa macho wala hatabasamu ukimchekea.
– Ana miezi 6 na hageuki akisikia sauti yako.
– Ana miezi 9 na hawezi kukaa mwenyewe.
– Ana miezi 18 na hatembei.
– Ana miaka 2 na hajaunganisha maneno mawili, kama "mama kuja" au "taka maji".
– Alikuwa anajua jambo, kisha akaliacha. Hili usingoje hata wiki. Umri wowote, nenda.

Katika kile kijitabu cha mama na mtoto tunachopewa kliniki kuna ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi wetu, mtoto akishadungwa sindano ya surua ya miezi 9, kijitabu kinaingia sandukuni. Kumbe kuna sindano ya surua ya pili ya miezi 18. Kuna vitamini A kila miezi 6, na kupimwa uzito mpaka afike miaka 5. Mtoe kijitabu sandukuni, mkisome.

Habari ya poshomili

Katika kikundi kimoja tulianza kutoa dakika chache za kusimulia habari za watoto. Baba mmoja akasimama. Alikuwa na mtoto wa miezi 10, na alimpeleka poshomili siku mama alipokuwa mgonjwa. Akasema kwa furaha, "Wangu ni mpole sana. Mashine ilipoanza kunguruma watoto wa wenzangu walishtuka, wengine wakalia. Wangu alitulia tu, anaangalia ule mkanda ukizunguka."

Watu wakacheka wakapiga makofi. Nyanya mmoja hakupiga. Akauliza polepole, "Baba, ukimwita kutoka nyuma, huwa anageuka?"

Yule baba akafikiri. Akakaa chini. Nyumbani walikuwa wakimsifu mtoto kwa upole wake, na hakuna aliyewahi kumwita kutoka nyuma.

Mhudumu wa afya wa jamii alikwenda kwao wiki hiyo hiyo. Mtoto akapimwa hospitalini, ikaonekana hasikii. Kisha wakaelekezwa EARC, vile vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum ambavyo vilianza nchini mwaka wa 1984. Siwadanganyi kwamba masikio yalipona. Hayakupona. Lakini mtoto huyo alianza kufundishwa lugha ya ishara akiwa bado mdogo, na baba, mama na ndugu zake wakajifunza pamoja naye. Leo anaomba maji, anasema anaumwa wapi, anagombana na dada yake kama mtoto mwingine yeyote. Ana lugha. Angekuwa wa kugunduliwa siku ya kwenda nasari, angekuwa amepoteza miaka mingi ya kuongea na watu wake.

Nataka mshike hili: baba yule hakujua kwamba anatoa habari ya ugonjwa. Alikuwa anasimulia matembezi tu. Kusikiliza kwa nyanya ndiko kulikosaidia. Ndiyo maana nasema tusimuliane. Jicho la mzazi mmoja limezoea mtoto wake, linapita juu ya mambo. Masikio ya kikundi yanasikia ambacho yeye haoni.

Baba na simu

Akina baba, msiseme hii ni kazi ya kina mama. Baba akienda kwa fundi wa baiskeli, aende na mtoto. Akienda kuangalia mbuzi, amshike mkono, waende mwendo wa mtoto. Mtachelewa kidogo, ni kweli. Lakini jueni mahali pa hatari. Karibu na shimo la maji usimwache hata dakika moja, na barabarani mkono wake uwe ndani ya wako. Na boda boda ya watu wanne na mtoto katikati, hapana!

Halafu kuna simu. Mtoto akilia, tunampa simu aangalie katuni. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya simu au televisheni kutazama vitu hivyo, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimngojei mtoto ajibu. Wewe unamngojea.

Tutafanyaje kwenye kikundi?

Naomba kila kikundi kitoe dakika 10 katika mkutano, kabla ya kuhesabu pesa, kwa sababu pesa zikishahesabiwa watu wanaondoka. Wenye watoto wa chini ya miaka 5 waulizwe swali moja: mtoto amekwenda wapi wiki hii, na alifanya nini? Hata nyanya anayelea mjukuu ajibu.

Muwe na sheria nne. Kwanza, kila mtu aseme habari za mtoto wake, siyo za jirani. Pili, hakuna kucheka wala kulinganisha. Tatu, habari ya mtoto anayehitaji kupimwa isitoke nje ya kikundi, na picha yake isitumwe kwenye simu. Nne, mama anayetakiwa kwenda hospitali asiende peke yake. Kikundi kimpe mtu wa kumsindikiza na, kama mfuko unaruhusu, nauli.

Hiyo sheria ya nne ndiyo nzito. Wengi waliomficha mtoto nyumbani hawakuwa wakatili. Waliogopa njia, maneno ya watu na gharama. Walimficha kwa sababu walikuwa peke yao. Na sisi tunajiita mwethya, watu wa kusaidiana. Kama tunaweza kuchimba mtaro wa jirani pamoja, tunaweza pia kumsindikiza mtoto wake.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mahali gani mtoto mdogo hupelekwa kila wiki? Anaona na kushika nini huko?
2. Kwa nini wazazi hapa hunyamaza juu ya watoto wao? Je, ni jicho, ni aibu, au kuna sababu nyingine?
3. Ni nani kati yetu ana kijitabu cha mama na mtoto? Tukilete mkutano ujao tusome pamoja ukurasa wa hatua za ukuaji.
4. Kituo cha EARC kilicho karibu nasi kiko wapi, na nauli ni kiasi gani? Tumchague mtu wa kuuliza na kutuletea jibu.
5. Je, kuna mtoto katika kijiji hiki ambaye hatujamwona nje kwa muda mrefu? Nani atakwenda kuwasalimu watu wa nyumbani kwake, kwa heshima?