Vibao vya Kusomea na Vijana Walioachwa Nyuma
(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano wa Mwaka, Marereni)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya pendekezo lililoletwa kwetu, kwamba fedha za elimu za mwaka ujao zinunue vishikwambi, yaani vile vibao vya kioo vya kusomea, viwasaidie vijana wetu walioachwa nyuma katika masomo. Silipingi pendekezo hilo. Walakini, kabla ya kupiga kura, yatupasa tujue tunamnunulia kijana gani, na ni nani atakayeketi naye.

Kijana mwenyewe twamjua sote. Ni yule aliyeacha shule akaenda kubeba chumvi katika mashamba ya chumvi, au akashika bodaboda. Ni msichana aliyeanza kwa kwenda disko matanga, akaishia kulea mtoto. Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2020 wataka wanafunzi wa namna hii wapokewe tena shuleni, basi mlango u wazi. Lakini akiingia, hukuta wenziwe wamemtangulia miaka miwili au mitatu. Aketi na watoto wadogo achekwe, au aketi na rika lake asielewe neno? Wengine huvumilia muhula mmoja tu, kisha wakaondoka, na anayeondoka mara ya pili ni shida kumrudisha. Tena tusisahau korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka Januari 2021. Masomo yalisomwa redioni na katika televisheni, lakini nyumba isiyo na redio wala umeme ilipata nini?

Hapa ndipo mashine ina faida ambayo binadamu hana. Haicheki, wala haichoki kurudia. Humpa kijana wa miaka 15 hesabu za darasa la tatu, na jirani yake asijue, kwa kuwa sauti yaingia masikioni mwake peke yake. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni hawezi kufanya hivyo hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Majirani zetu wa mkoa wa Tanga walilijaribu jambo hili baina ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE. Watoto zaidi ya 2,500 wa vijijini, wengi wao hawajapata kuingia shule, walipewa vibao vyenye mafunzo ya Kiswahili. Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, hesabu ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Mafunzo yaliyofika fainali yaliachwa wazi kwa yeyote kuyatumia bila malipo, jambo ambalo naamini Bwana Mweka Hazina atalipokea kwa furaha. Nanyi wazee mlioniuliza juu ya picha chafu, jueni kwamba mafunzo yale yaliundwa yafanye kazi pasipo intaneti.

Hata hivyo, tusitazame kioo tu. Katika vijiji vile kulikuwa na mitambo ya jua ya kutilia umeme, na kina mama wa kijiji walikabidhiwa uangalizi. Na pamoja na hayo yote, watoto wengi bado hawakujua kusoma. Sifichi jambo hilo.

Upande wetu wa Kenya, tangu mwaka 2016 Serikali iligawa vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi, vikianza na darasa la kwanza. Ilikuwa kazi kubwa, na sitaki kuibeza. Lakini viliwalenga wanaoanza, si waliochelewa. Tena palipokosa umeme au mwalimu aliyezoezwa, vilikaa kabatini. Kibao kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu.

Sasa niwalete karibu, Kwale, pwani yetu hii hii. Mradi mmoja ulioitwa HALI uliwapa walimu wa madarasa ya chini mafunzo na mipango ya masomo, kisha ukawapelekea kila juma ujumbe mfupi kwa simu, kuwakumbusha la kufundisha na kuwatia moyo. Mtoto hakupewa mashine yoyote. Watoto walisoma vizuri zaidi, na lililonishangaza ni hili: katika shule zilizosaidiwa, walioacha masomo walikuwa 2.1 kwa kila 100, na katika shule nyingine 5.3. Hao walikuwa watoto wadogo, si vijana wa mashamba ya chumvi, nami sisemi mambo ni yale yale. Nasema kwamba simu ya bei ndogo mkononi mwa mwalimu anayekumbukwa yaweza kuzuia mtoto asitoke, na kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba pendekezo lirekebishwe hivi. Vinunuliwe vibao vichache, wala visichukuliwe majumbani, bali vikae mahali pamoja penye kufuli na mtambo wa jua. Fedha zitakazobaki zimlipe kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, aketi na wenziwe kuanzia alasiri hadi usiku, maana mbeba chumvi hawezi kuja asubuhi. Msichana mwenye mtoto aruhusiwe kuja naye, na kina mama wa chama wapeane zamu ya kumshika. Walimu wa shule za karibu wapelekewe ujumbe kila juma wenye majina ya waliokuja na waliokosa, ili asiyeonekana siku tatu aendewe kwao na mzee wa mtaa wake. Na katika taarifa ya mwaka ujao, Karani asiandike idadi ya vibao tulivyonunua. Aandike ni wangapi waliorudi darasani, na ni wangapi waliokuwamo bado muhula wa tatu ulipokwisha.

Naliweka pendekezo hilo mbele ya mkutano, na naomba mwanachama mmoja aliunge mkono.