Baada ya Dhoruba: Ukuta Kwanza, Bati Baadaye

Mimi ni Bwana Shamba wenu. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika kalenda yetu ya kilimo, lakini linaweza kukuharibia msimu mzima kwa nusu saa tu. Nalo ni dhoruba: ule upepo wenye mvua kubwa, na pengine mvua ya mawe, unaoezua nyumba na kulaza nguzo za umeme chini.

Sisi wa Singida upepo tunaujua. Kiangazi chote unavuma, na tumeuzoea. Unaotutia hasara ni ule unaokuja na mvua. Joto limekaa siku nyingi, mchana wingu jeusi linasimama, vumbi linatangulia, halafu mnasikia bati la jirani linapiga kelele. Dakika ishirini baadaye jua linatoka kama vile hapakuwa na kitu.

Sasa swali langu ni hili: jua likishatoka, wewe mkulima unaanza na kazi gani?

Nitawaeleza niliyoyaona katika kaya moja wilayani Ikungi. Dhoruba ilipopita, baba mwenye nyumba alikimbilia porini kutafuta mabati yake. Hakufanya vibaya, bati ni fedha. Alitafuta jioni ile, akatafuta na kesho yake kutwa, akayapata karibu yote. Lakini nyuma yake magunia ya mtama yalikuwa yamelowa, na mbegu ya alizeti ilikuwa chini kwenye maji. Siku ya tatu alipofungua gunia, mkono ulikuta moto ndani. Mtama umechipua, mbegu imevunda. Na usiku wa siku hiyo, bila upepo wala mvua, ukuta wa nyuma ukaanguka juu ya banda la mbuzi. Mzee yule aliniambia, "Mwanangu, mabati niliyapata, lakini nyumba sikuikuta."

Basi, ndugu zangu, neno langu la leo ni fupi. Bati lililoanguka limekwisha kuanguka, litakungoja. Ukuta uliolowa na mbegu iliyolowa havikungoji. Kwa hiyo tuzipange kazi zetu kwa zamu.

La kwanza ni watu, na waya wa umeme. Hesabu watu wako wote, wazee na watoto. Halafu kabla hujamruhusu mtu yeyote kuokota kitu, tazama waya. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vyetu vingi, na waya ulioanguka ni kama nyoka aliyelala: kwa kuwa hajisogezi usidhani amekufa. Taa za kijiji kizima zinaweza kuwa zimezimika, na waya ule ukawa bado una umeme, au ukarudishiwa umeme wakati wowote. Kaa mbali nao, mita 10 au zaidi, maana ardhi yenye maji hupitisha umeme. Usiusogeze kwa mti, wala kwa jembe. Bati lililoangukia juu ya waya, liache hapo hapo. Weka mtu mzima alinde watoto na ng'ombe wasipite, kisha mpelekeeni habari mwenyekiti wa kitongoji ili wahusika wa TANESCO waitwe. Na ile nguzo iliyoanguka si kuni, bwana. Iache.

Ndani ya nyumba, kama maji yameingia, zima swichi kubwa, lakini tu kama unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu na mkono wako ni mkavu. Ikiwa sivyo, toka nje uwaite mafundi. Na ninyi wenye sola, sikieni: kioo cha sola kilichopasuka kikipigwa na jua bado kinatoa umeme. Kifunike kwanza kwa blanketi nzito au gunia, ndipo ukiguse.

La pili ni ukuta. Hapa naomba mnisikilize sana.

Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, dhoruba ya mvua ya mawe iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Si mbali na sisi, na nyumba zao ni kama zetu. Walikufa watu zaidi ya 40, na wengi wao waliangukiwa na nyumba zao za udongo. Hawakuuawa na upepo wenyewe. Waliuawa na kuta.

Tofali la tope likiwa kavu hubeba mzigo vizuri. Likinywa maji hurudi kuwa tope lile lile ulilolikanyaga wakati wa kufyatua. Tena paa likishaondoka, ukuta umebaki peke yake, juu hakuna kinachoushika. Nje unaweza kukauka kwa jua la siku moja, na wewe ukaona umepona, kumbe ndani ni mbichi. Ndiyo maana ukuta huanguka siku ya pili au ya tatu, watu wamekwisha kurudi kulala.

Kwa hiyo zunguka nyumba yako, kwa nje, ukitazama mambo manne. Je, kuna ufa kwenye kona, mahali kuta mbili zinapokutana? Je, ukuta umevimba tumbo? Je, udongo unamomonyoka chini karibu na msingi? Je, ile sehemu ya juu yenye umbo la pembetatu imesimama bila kushikwa na kitu? Ukiona hata moja katika hayo, asilale mtu ndani, wala mbuzi wasifungwe karibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukuta uliolowa usiuzibe kwanza, ukimbie kwanza. Egemeza miti imara kwa nje, funika kichwa cha ukuta kwa turubai au nyasi mvua isiingie tena, na chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Kisha uache ukauke. Pembetatu iliyopasuka ishusheni wenyewe mchana, tofali kwa tofali, kabla haijajishusha usiku.

Wazee wangu wenye tembe, nanyi msicheke. Tembe ni nzito, upepo hauliondoi kama bati. Lakini udongo wa juu ukilowa uzito huongezeka, na boriti iliyoliwa na mchwa haitoi taarifa. Ukiona boriti imepinda au udongo unadondoka ndani, tokeni. Na msipande juu ya paa wakati limelowa.

La tatu ni chakula na mbegu, na kazi hii ifanyike siku ile ile. Wagawane kazi: wanaume wanaegemeza ukuta, akina mama na vijana wanatoa nafaka. Toa magunia yote. Tenga kavu, mbichi kidogo, na iliyolowa kabisa. Usiyachanganye, maana gunia moja bichi litaharibu matano makavu. Iliyolowa itandaze juu ya turubai au jamvi, si juu ya ardhi, iwe nyembamba, na igeuze mara kwa mara. Jioni ianue. Mbegu ya kupanda ianikwe kwenye jua la asubuhi au kivulini penye upepo. Usiikaange juu ya bati la moto.

Utajuaje kuwa imekauka? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia chumvi iliyoanikwa ikakauka, kama vijiko viwili vikubwa, kisha tia nafaka kufika karibu nusu. Funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Kama chumvi imeganda kwenye kioo, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Kama chumvi imeanguka chini yote, unaweza kuihifadhi. Na nafaka mbichi usiifungie kamwe katika ile mifuko isiyopitisha hewa. Humo itaoza.

Iliyoota ukungu msile. Najua inauma kumwaga chakula wakati wa shida. Lakini kumbukeni mwaka 2016, katika mikoa jirani zetu ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine kufa kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, wala kwa kukoboa peke yake. Kuku naye usimpe. Hali kadhalika, mbegu ya dukani iliyotiwa dawa si chakula, hata ukiiosha mara kumi.

Kabla ya kupanda mbegu iliyolowa na kukaushwa, ipime. Hesabu punje 100, zikunje katika kitambaa kibichi, kiweke kivulini na usikiache kikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 60, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikiwa chini ya 50, tafuta mbegu nyingine mapema, usingoje mpaka shamba likuaibishe.

La nne ni giza. Umeme ukikatika baada ya dhoruba, unaweza kukawia siku nyingi. Chomoa vyombo vyote ukutani, maana umeme unaporudi huja ukiruka ruka na kuviunguza. Wewe mwenye mashine ya kusaga au ya kukamua alizeti, usiwashe mara tu taa inapowaka. Mashine ya nyaya tatu ikipata umeme wa nyaya mbili, mota inaungua. Fundi apime kwanza. Na anayetumia jenereta aiweke nje kabisa. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa ni hivyo hivyo: usilale nalo chumbani kwa sababu ya baridi ya mvua.

Kwa vile mashine ya kusaga imesimama, kinu na jiwe la kusagia visitupwe. Simu zenu pia mzipange: kila kitongoji iwepo simu moja yenye chaji kwa ajili ya dharura, nyingine zizimwe.

Nanyi mnaofuga kuku wa kienyeji, ambao ndio sifa ya Singida, kumbukeni chanjo ya mdondo. Huwekwa kwenye jokofu la duka la dawa za mifugo. Umeme ukikatika, muulize mwenye duka chanjo ilikaa wapi na siku ngapi. Ile aina ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, lakini haivumilii milele. Chanjo iliyoharibika inakupa matumaini tu, kuku haiwapi kinga.

La tano, sasa ndipo tufike kwenye bati. Ukiezeka upya, usirudie kosa la kwanza. Wengi wetu tunapigilia kenchi juu ya mbao, na mbao imelazwa tu juu ya tofali. Upepo ukiingia chini ya paa unaliinua kama kofia. Funga kila kenchi kwa waya mnene ulioshuka ukutani kozi tatu au nne za tofali, au ulioshikwa katika lenta. Misumari iwe karibu karibu zaidi pembeni na kileleni, maana upepo huanzia hapo. Usitumie tundu la zamani, na msumari upite kwenye mgongo wa bati. Yale mawe tunayoweka juu ya bati, ndugu zangu, tuyaache. Upepo mdogo hayahitajiki, na upepo mkubwa huyarusha kichwani kwa mtu.

Halafu panda miti upande upepo utokako: mwarobaini, mjohoro, hata ua wa minyaa. Mti uwe mbali na nyumba kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa, na usiupande chini ya waya wa umeme.

Mwisho, andikisha hasara yako kwa Mtendaji wa Kijiji mapema: watu walioumia, vyumba, magunia, mifugo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Iulizeni kamati yenu sasa, kabla ya wingu: ni nani wajumbe wake, na watu watalala wapi nyumba zikianguka? Lakini msaada wa maafa si fidia. Hautajenga nyumba yako yote. Kitakachokuinua ni jirani anayekuja na turubai lake, nawe kesho ukaenda kwake na nyundo yako.

Basi ndugu wakulima, nawaachieni kazi ya nyumbani. Leo jioni, kabla jua halijazama, zunguka nyumba yako mara moja. Tazama kenchi yako imeshikwa na nini. Tazama mbegu yako imewekwa wapi: kama iko chini sakafuni, ipandishe juu ya kichanja, ndani ya chombo chenye mfuniko. Kazi hiyo haina gharama, nayo ndiyo tofauti kati ya anayepanda msimu ujao na anayeomba mbegu.

Nawatakia mvua njema, isiyo na mawe. Kwaherini.