Karatasi za Dereva wa Majeruhi: Habari za Ernest Hemingway na Hati Alizoziacha

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mtu aliyeendesha motakaa ya kuchukulia majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa mwandishi wa vitabu aliyejulikana duniani kote. Jina lake ni Ernest Hemingway, mtu wa Marekani. Wengi wamekwisha eleza maisha yake, nami nitayaeleza kwa ufupi. Lakini nataka hasa tuzitazame karatasi zake: barua, madaftari, na hati alizoandika, akazifuta, akaziandika tena. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maisha ya mtu ni mali pia, nayo yaweza kupotea vivyo hivyo.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Alipomaliza shule mwaka 1917 alipata kazi katika gazeti la Kansas City Star. Hapo vijana waliagizwa waandike sentensi fupi, waanze habari kwa maneno machache, na watumie lugha yenye nguvu. Hayo aliyashika maisha yake yote. Wakati ule Marekani ilikuwa imekwisha ingia vitani, lakini jicho lake la kushoto halikuona vema, kwa hiyo njia ya jeshi ilikuwa imefungwa kwake. Basi akajitoa kwa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani awe dereva wa motakaa za majeruhi katika Italia, nchi iliyokuwa ikipigana na Austria.

Hakuwa kijana peke yake aliyeshika kazi ile kisha akawa mwandishi. John Dos Passos na E. E. Cummings nao walikuwa madereva wa majeruhi. Wala si ajabu. Askari huona adui aliye mbele yake, bali dereva wa majeruhi huona kile kinachobaki baada ya mapigano. Yeye husikia mtu akiugua nyuma yake njia nzima, wala hawezi kusimama kumsaidia. Hawezi kwenda mbio, kwa maana kila shimo la barabara ni maumivu kwa mgonjwa. Wala hawezi kwenda polepole, kwa maana damu inatoka. Mtu aliyefanya kazi hiyo hadanganyiki upesi na maneno makubwa ya sifa za vita.

Hemingway alifika Italia mwezi wa Juni 1918. Alipelekwa katika mji wa Schio, ambako motakaa za Msalaba Mwekundu zilipanda na kushuka njia za milima kuchukua majeruhi. Baada ya majuma machache tu aliomba kazi nyingine iliyo karibu zaidi na mapigano, akapelekwa kwenye mto Piave. Huko alikuwa akiwapelekea askari wa Italia chakuleti na sigara katika mahandaki yao. Usiku wa tarehe 8 Julai, mahali paitwapo Fossalta, kombora la Waaustria lilianguka karibu naye. Askari mmoja wa Kiitaliani aliyekuwa hapo alikufa. Hemingway alijeruhiwa vibaya miguuni kwa vipande vingi vya chuma. Zilikuwa zimebaki siku 13 atimize umri wa miaka 19.

Alilazwa miezi mingi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Milan. Huko alimpenda mwuguzi wa Kimarekani, Agnes von Kurowsky, aliyemzidi umri kwa miaka 7. Kijana alirudi kwao mwanzo wa mwaka 1919 akitumaini kumwoa, lakini mwezi wa Machi alipata barua ya kumwambia kwamba haitakuwa. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1929, alitoa kitabu chake A Farewell to Arms, hadithi ya dereva wa majeruhi katika Italia na mwuguzi aliyempenda.

Sasa natuziangalie karatasi. Katika miaka ya baadaye ilienea habari kwamba Hemingway alikuwa askari wa miguu katika jeshi la Italia. Yeye mwenyewe aliwasimulia watu mambo ya namna hiyo, na watu wakayaamini, kwa kuwa makovu yalikuwa yanaonekana. Lakini barua alizowaandikia wazazi wake mwaka 1918 zilihifadhiwa. Humo twasoma habari za Msalaba Mwekundu, za zawadi za askari, na za kulazwa Milan. Barua nazo zina majivuno ya kijana, lazima tuzisome kwa akili. Hata hivyo zimetupa kipimo cha kupimia masimulizi. Bila ya barua zile, uvumi ungalikuwa ndio historia. Wala ukweli huo haumwondolei heshima yake. Kijana aliyewapelekea wenziwe chakuleti mbele ya mizinga, hali hana bunduki mkononi, hakuhitaji kuongezewa sifa za uongo.

Hemingway alikuwa mtu asiyetupa karatasi, lakini msiba mmoja ulimfundisha jinsi karatasi zinavyopotea. Mwezi wa Desemba 1922 alikuwa mjini Lausanne, katika Uswisi, akipeleka habari za mkutano wa amani kwa magazeti. Mkewe, Hadley, alikuwa Paris. Alipojiandaa kumfuata mumewe alikusanya hati zake zote za hadithi, akazitia sandukuni ampelekee. Akatia na nakala zake pia. Katika stesheni ya Gare de Lyon aliliacha sanduku ndani ya gari la moshi kwa muda mfupi, na aliporudi halikuwapo. Halikuonekana tena hata leo. Kazi ya miaka kadha ilikwenda kwa dakika chache. Zilisalia hadithi mbili tu: moja ilikuwa imepelekwa kwa mhariri, na nyingine ilikuwa imesahauliwa katika mtoto wa meza.

Wasikilizaji, someni vizuri jambo hilo. Kosa halikuwa la mwizi peke yake. Nakala iliwekwa pamoja na asili yake, kwa hiyo vyote viwili vilikwenda njia moja. Nakala ni kinga ikiwa inakaa mahali pengine. Ikilala sanduku moja na asili yake, si nakala tena, ni mzigo tu. Lakini Hemingway alianza upya. Mwaka 1923 alitoa kitabu chake cha kwanza huko Paris, kitabu kidogo kilichopigwa chapa nakala 300 tu. Mwaka 1926 alitoa The Sun Also Rises, na tangu hapo jina lake likasikika. Mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa huzuni. Mwili na akili vilikuwa vimechoka kwa maradhi, akajiua nyumbani kwake katika Ketchum, jimbo la Idaho, tarehe 2 Julai 1961. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa na nyumba katika kisiwa cha Kuba, karibu na Havana, na huko ziliachwa hati nyingi. Lakini mwaka ule ule Marekani na Kuba zilikuwa zimevunja urafiki wao, na safari zilizuiliwa. Mjane wake, Mary, alipata ruhusa kwa msaada wa Rais John F. Kennedy, naye Fidel Castro alikubali karatasi zitolewe. Nyumba ilibaki kuwa mali ya watu wa Kuba, na karatasi zilipelekwa Marekani katika chombo cha wavuvi wa kamba. Serikali mbili zilizogombana ziliruhusu jambo moja: hati za mtu aliyekufa zisipotee.

Leo sehemu kubwa ya karatasi hizo imo katika Maktaba ya John F. Kennedy mjini Boston, ambako chumba cha Hemingway kilifunguliwa mwaka 1980. Zimo hati, barua, na picha zaidi ya 10,000. Mwanafunzi anayedhani kwamba mwandishi mkubwa huandika mara moja tu, angalizitazama hizo. Hemingway alisema kwamba aliuandika ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms mara 39 kabla ya kuridhika. Watu wakadhani anatia chumvi. Hati zilipohesabiwa ilionekana kwamba hakutia chumvi, bali alipunguza: miisho 47 ilichapishwa pamoja na kitabu hicho mwaka 2012. Hapo karatasi zilimshuhudia vema kuliko alivyojishuhudia mwenyewe. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwarudishia insha muiandike mara ya pili, msinung'unike.

Hata hivyo liko swali gumu. Mwaka 1958 Hemingway aliandika agizo kwamba barua zake zisichapishwe baada ya kufa kwake. Mjane wake aliruhusu nyingi zichapishwe, zikatoka mwaka 1981, na tangu mwaka 2011 zinatolewa zote kwa mfululizo wa vitabu. Je, ni haki? Wako wasemao kwamba agizo la marehemu halivunjwi. Wako wasemao kwamba mtu aliyependwa na ulimwengu si mali ya nafsi yake tena. Kwa maoni yangu, karatasi zilipaswa kuhifadhiwa bila shaka, maana kilichochomwa hakirudi. Lakini kuzichapisha lingekuwa jambo la kungoja, hata wale walioandikiwa na walioandikwa humo wawe wametangulia. Kuhifadhi ni jambo moja, kutangaza ni jambo jingine. Mwenye busara hayachanganyi.

Mambo haya si ya watu wa mbali tu, kwa sababu Hemingway alifika kwetu. Alishuka Mombasa mwezi wa Desemba 1933, akaenda kuwinda Tanganyika pamoja na Philip Percival. Aliugua tumbo, akachukuliwa kwa ndege mpaka Nairobi mwezi wa Januari 1934. Kutokana na safari hiyo alitoa kitabu Green Hills of Africa mwaka 1935, na hadithi ya The Snows of Kilimanjaro mwaka 1936. Alirudi tena mwaka 1953. Mwezi wa Januari 1954 ndege mbili alizopanda zilianguka katika Uganda, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, ya pili kesho yake huko Butiaba. Magazeti yalitangaza kwamba amekufa, naye akazisoma habari za kifo chake mwenyewe. Habari za kambi yake karibu na Kilimanjaro alizianza kuziandika, wala hakuzimaliza. Mwanawe Patrick, aliyekaa Tanganyika miaka mingi na kufundisha katika chuo cha wanyama huko Mweka, alizifupisha, zikatoka mwaka 1999. Hati nzima ilichapishwa mwaka 2005.

Katika Green Hills of Africa yumo mbeba bunduki mmoja ambaye Hemingway anamwita M'Cola. Mzee yule ni hodari, ana macho makali, ana ucheshi wake, na msomaji humpenda. Lakini twamjua kwa kalamu ya mgeni tu. Mgeni alimwona kwa miezi michache, hali lugha hakuijua sana, akaandika aliyoyaelewa. M'Cola naye alimwona mgeni. Alimwona akilenga na kukosa, alimwona akiugua, na yamkini alikuwa na mengi ya kusema jioni penye moto. Maneno hayo yako wapi? Hemingway ana chumba kizima Boston. Mwenziwe wa porini hana hata ukurasa mmoja katika vitabu hivyo ulioandikwa kwa mkono wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu mwenye karatasi na mtu asiye na karatasi. Mmoja hujieleza, mwingine huelezwa.

Kwa hiyo nawasihi. Katika nyumba nyingi imo barua ya babu aliyekwenda vitani, au ya baba aliyekuwa kazini mbali, au daftari la mama la hesabu za mazao. Msiifungie sukari wala msiwashie moto. Itieni katika bati lenye kifuniko, mbali na mvua na mchwa. Nyuma yake andikeni jina la aliyeandika, mahali, na mwaka. Ikiwa ni ya maana sana, inakilini, na nakala ikae nyumba nyingine. Mmesikia habari za sanduku la Paris. Na ikiwa mzee wenu hajui kuandika, kijana wa shule akae naye, amwulize, aandike maneno yake kama alivyoyasema, asiyapambe. Ukiona fahari yake imezidi kidogo, mwachie; karatasi nyingine itakuja kuipima.

Dereva wa majeruhi hawezi kuwaokoa wote waliolala uwanjani. Huwachukua wale ambao motakaa yake yaweza kuwachukua, akawafikisha. Nasi hatuwezi kuyaokoa maneno yote ya wazee wetu, lakini yale tunayoweza kuyafikisha, natuyafikishe.