Kutoka Historia hadi Kupima Macho
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze ilikuwaje mtu aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza akaishia kupima watu macho huko Marekani. Wengine humu ukumbini mnakumbuka kwamba baada ya kidato cha nne sikushika tena chupa ya maabara. Nitasema hasa habari za mtihani wa kuingilia, maana ndizo ninazoulizwa kila nikija likizo.

Kwanza tuelewane. Mimi si daktari wa kupasua macho. Kazi yangu, optometria, ni kupima uoni, kuandikia watu miwani na kuyatambua mapema magonjwa ya macho. Kule Marekani husomwa kwa miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vingi hukubali shahada ya fani yoyote. Mlango wangu ulikuwa hapo. Lakini kabla ya kuingia unadaiwa kozi za biolojia, kemia, fizikia na hesabu pamoja na maabara zake, kisha mtihani uitwao kwa kifupi OAT. Wengi huuogopa mtihani wakazisahau kozi. Kwa maoni yangu kozi ndizo maandalizi yenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka 31, naishi Columbus, jimboni Ohio, nina mke na mtoto, nauza fremu katika duka la miwani. Akiba yetu ilikuwa ya kumjengea mama nyumba. Mke wangu ndiye aliyesema tuitumie kwa ada. Mama naye akajibu kwa simu kwamba mabati ya zamani hayajaanza kuvuja. (Yalikuwa yanavuja, kaka yangu aliniambia baadaye.) Basi nilipoingia darasani jioni pamoja na vijana wa miaka 19, sikuwa na nafasi ya kujaribu-jaribu.

Kemia ndiyo iliyokula muda wangu. Haisomwi kwa kurukaruka. Usipoielewa moli, myeyusho utakushinda. Usipoelewa jinsi atomu zinavyoshirikiana elektroni, kemia ya kaboni itakuwa kama kukariri majina ya watu usiowajua. Ilinichukua zaidi ya miaka 2 ya jioni, kemia ya jumla kwanza, ya kaboni baadaye. Biolojia, kinyume na nilivyotishwa, niliiona ni ndugu wa Historia. Damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikaenda mapafuni, ikarudi upande wa kushoto, ikasambazwa mwilini. Aliyewahi kufuatilia misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kueleza kwa nini ilipita ilikopita, hapotei njia hiyo.

Fizikia niliianzia kwenye lenzi, ingawa kitabu kiliziweka karibu na mwisho, kwa sababu nilikuwa nazishika kila siku dukani. Nguvu ya lenzi hupatikana kwa kugawa 1 kwa umbali wa fokasi katika mita. Lenzi inayokusanya mwanga kwenye sentimita 50 ni ya diopta 2. Namba nilizozisoma kwenye karatasi za wateja kwa miaka 3 zikafunguka siku ile. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa, tena kwa kulipia ada.

Mtihani niliufanya mwaka 2009. Sayansi asilia ilikuwa maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, ya kaboni 30. Fizikia ilikuwa maswali 40 kwa dakika 50, bila kikokotoo. Kulikuwa na hesabu, na kulikuwa na (sikilizeni, nyie wa mchepuo wa sanaa) ufahamu, ambapo unapewa makala za kisayansi na kuyajibu maswali yake. Kwa kasi hiyo kujua tu hakutoshi, lazima mkono uwe umezoea. Miezi 4 ya mwisho sikufungua sura mpya. Kila Jumamosi alfajiri nilikaa jikoni na saa ya mezani nikafanya mtihani mzima wa mazoezi. Jumapili niliandika daftarini kwa nini kila jibu nililokosa halikuwa sahihi. Daftari hilo lilinifaa kuliko vitabu vyote. Kuzidisha na kugawa kwa kichwa nilijizoeza ndani ya basi.

Alama zilianzia 200 hadi 400, na 300 ndiyo ya katikati. Fizikia nilivuka 300 kidogo tu. Ufahamu ndio ulionibeba. Mwalimu wetu aliyekuwa akitufokea turudi kwenye habari tuliyosoma hakujua kwamba anafundisha optometria.

Vijana, hotuba hii isiwe ruhusa ya kuikimbia fizikia. Njia yangu ilikuwa ndefu na ghali, na iliwezekana kwa utaratibu wa kule. Hapa kwetu kozi za afya huangalia ufaulu wenu wa fizikia, kemia na biolojia. Aliye kidato cha pili na anaipenda kazi hii, njia yake fupi ni ile maabara nyuma ya bwalo. Aliyekwisha soma sanaa na ana miaka 30, huyo namwambia inawezekana, ila ahesabu miaka, si miezi.

Nyumba ya mama iliezekwa upya mwaka 2016. Vitabu vyangu vya mazoezi, pamoja na lile daftari, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba leo asubuhi. Kurasa za kemia ya kaboni zina madoa ya chai, mtanivumilia.