Ua Lisilopandwa na Mtu

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ua ambalo halikufanana na nina wala baba, na ambalo hakuna aliyelipanda.

Hapa Uingereza, ufikapo mwezi wa Mei, wenye bustani za nyumbani hukuta maotea yamechanua katika nyufa za vijia vya mawe, na maua yake hayamo katika pakiti yoyote ya mbegu waliyopata kununua. Je, yaachwe au yang'olewe?

Tuchukue mfano wa akwilejia, ua liinamishalo kichwa na kubeba vipembe vitano nyuma ya petali zake. Ndani ya vipembe hivyo mna mbochi uwavutao nyuki. Tuseme bustanini mna aina mbili, moja ya buluu na nyingine nyekundu. Nyuki hajui mpaka wa tuta. Hutoka katika ua la kwanza amebeba chavua, akaingia katika la pili. Tunda hukauka na kupasuka, na mbegu nyeusi zing'aazo hudondoka. Mche kwa kawaida huchanua katika mwaka wake wa pili, na hapo ndipo siri hufichuka: rangi ni ya zambarau, na vipembe ni virefu kuliko vya mzazi mmoja, vifupi kuliko vya mwingine.

Mkulima wa Mbeya au Kitale hatalistaajabia jambo hili. Anajua kwamba akihifadhi mbegu za mahindi chotara aliyonunua dukani na kuzipanda msimu ufuatao, shamba halitakuwa sawasawa tena. Chotara wa uzao wa kwanza hufanana wao kwa wao. Ni wajukuu ndio hutawanyika, kila mmoja na sura yake. Basi anayelipenda ua lake geni asitarajie kwamba mbegu zake zitalirudisha vile vile lilivyo.

Akwilejia chotara ya bustanini, kwa kawaida, haina madhara. Lakini si kila mchanganyiko ni wa kushangiliwa. Katika misitu ya Uingereza huchanua blubeli, ua la samawati mfano wa kengele, ambalo huitandika ardhi kama zulia wakati wa majira ya kuchipua. Inakadiriwa kwamba takriban nusu ya blubeli zote za jamii hiyo duniani zimo katika visiwa hivi. Shina lake huinama upande mmoja na harufu yake ni tamu. Binamu yake wa Hispania, aliyeletwa kupamba bustani, husimama wima, majani yake ni mapana na harufu yake ni hafifu. Wawili hao huzaana kwa urahisi, na chotara wao huzaa pia. Ndiyo maana wahifadhi wa mazingira wana wasiwasi kwamba, karibu na misitu, sura ya mwenyeji inaweza kufifia kidogo kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, tusifanye haraka kuuhukumu uchotara wenyewe. Ua moja la manjano lenye asili ya kisiwa cha Sicily lilitoroka kutoka bustani ya mimea ya Oxford, likasambaa kwa kufuata njia za reli. Katika mji wa York lilizaana na gugu la kienyeji, na kutokana na muungano huo ikazuka spishi mpya kabisa, iliyogunduliwa mwaka 1979. Dawa za kuua magugu zikaiangamiza porini. Lakini mbegu zake zilikuwa zimehifadhiwa, na mwaka 2023 ilirudishwa kuota tena mjini York. Ua ambalo wapita njia wangeliita gugu lilikuwa na makazi mamoja tu duniani, na kidogo lipotee moja kwa moja.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikuta ua usilolijua kati ya miche yako, jembe lingoje. Tazama kwanza wazazi wake ni akina nani miongoni mwa mimea uliyo nayo. Angalia kama linazaa mbegu, kwa kuwa chotara wengi ni tasa na hukoma pale pale walipoota. Kisha tazama nje ya uzio: kuna barabara na nyumba, au kuna msitu wenye jamaa zake wa asili? Kama ni blubeli chotara na msitu uko jirani, ling'oe pamoja na matunguu yake, wala usiyatupe mwituni. Kama sivyo, liache lichanue. Nasaba ya ua haitoshi kutuambia kama litadhuru. Mahali lilipoota nako kuna neno la kusema.